Vifuniko Vinne

Karatasi ilikuwa imeshachapwa. Jina la Robi lilikuwa chini kabisa, na mbele ya jina kulikuwa na mstari mtupu unaongoja sahihi. Byron, mkuu wake wa kazi, aliisukuma juu ya meza kwa kidole kimoja mpaka ikamfikia, kisha akalaza kalamu kando yake taratibu, kama mtu anayemwekea mgeni kijiko.

"Isome kwanza," alisema. "Mimi silazimishi mtu."

Robi aliisoma polepole, akarudi mwanzo akaisoma tena. Shule yake iliishia darasa la nane kule Ntimaru, na tangu hapo hakuwahi kuweka jina lake kwenye kitu alichokisoma mara moja tu. Karatasi ilisema kwamba Gisiri, muuzaji wa tawi la Ogwedhi, alifundishwa kikamilifu kipimo cha dawa ya kupe iliyokuja katika chupa mpya; kwamba Robi, kaimu kiongozi wa timu ya mafunzo, anathibitisha hivyo; na kwamba ng'ombe na ndama waliokufa wiki iliyopita walikufa kwa uzembe wa Gisiri mwenyewe.

"Atafutwa?" Robi aliuliza.

"Atafutwa, na kampuni itapona. Yule mama mwenye ng'ombe amesema ataenda redioni. Siku watu watakaposikia jina letu na mizoga ya ng'ombe kwa pumzi moja, hakuna atakayenunua kwetu hata chumvi ya mifugo." Byron alifungua droo, akatoa bahasha ya kaki na kuiweka juu ya karatasi. "Na hii ni yako. Hilo neno kaimu linaondoka. Kiongozi kamili wa timu, kwa barua. Nimekupigania sana, Robi. Kuna watu humu ndani walisema darasa la nane haiwezi kuongoza mafunzo ya kampuni."

"Watu gani?"

"Watu tu."

Robi alimtazama. Mtu mwenyewe alikuwa amekaa hapo mbele yake, amevaa shati la samawati. Helen, mwenzake katika timu, alimsikia akiyasema maneno hayo hayo kwenye simu mwezi wa pili, mlango wa ofisi ukiwa wazi. Robi hakumwambia kwamba anajua. Hasira yake haikuwa ya kuwaka kama petroli. Ilikaa chini, ikajifunika majivu, na aliyeigusa baada ya siku nyingi ndiye aliyeungua.

"Nipe mpaka kesho," alisema.

"Kesho saa nne Haji anakuja. Nataka aikute imetiwa sahihi."

Robi aliikunja karatasi akaitia mfukoni. Bahasha aliiacha pale pale mezani.

Kampuni yenyewe iliitwa Kwato na Shina, maduka ya dawa za mifugo na mbegu. Ofisi kuu ilikuwa Homa Bay, matawi yakiwa zaidi ya thelathini, yakiwemo ya Migori mjini, Isebania, Ntimaru na Ogwedhi. Haji Abdinasir aliianza na kibanda kimoja cha Isebania, na hapo Isebania ndipo Robi alipoanza naye, kwa ufagio. Alifagia miaka miwili. Akiwa na ufagio wake aliona jambo ambalo waliokuwa kaunta hawakuliona: mteja anaambiwa kitu, anatikisa kichwa vizuri kabisa, anasema ndiyo, halafu akifika barazani anamuuliza mwenye bodaboda, "Alisema nini yule?" Basi Robi akawa anawangoja mlangoni. Akimwona mteja ametoka na chupa, anamwambia, "Mama, hebu niambie utaenda kufanyaje nayo." Akikosea, anamrudisha ndani. Siku moja Haji alifika akakuta kaunta haina mtu na wateja watatu wamepanga foleni kwa mfagiaji. Alicheka mpaka akashika kiuno. Mwezi uliofuata ufagio ulichukuliwa na mtu mwingine, na Robi akapewa wauzaji wapya awafundishe.

Alikuwa na daftari. Kila muuzaji alikuwa na jina lake humo, na mbele ya jina safu mbili: Ameambiwa, Ameweza. Kuingia safu ya kwanza ilikuwa rahisi, ilitosha kukaa na kusikiliza. Kuvuka kwenda ya pili, muuzaji alisimama kaunta na Robi au Helen akaja kama mteja msumbufu. Helen, ambaye ofisi nzima ilimwita Mama Javan, alikuwa hatari kwa mchezo huo. Aliingia amejifunga leso kiunoni, anasema kwa sauti ya kiziwi, "We kijana, nipe dawa ya minyoo ya mbuzi, ile ile ambayo bwana yangu anakunywa." Muuzaji akicheka tu bila kuuliza swali, hajavuka. Wengine walivuka siku ya pili. Wengine ilichukua mwezi. Gisiri wa Ogwedhi alichukua wiki sita, kwa sababu mililita zilikuwa zinamchanganya, na Robi akamtafutia njia. Kifuniko cha ile chupa ya dawa ya kupe kilibeba mililita kumi kamili. Kwa pampu ya lita ishirini zinatakiwa arobaini. "Sahau mililita, mura, kijana wangu," Robi alimwambia. "Pampu moja, vifuniko vinne." Gisiri akashika. Robi akaona imefaa, akawafundisha hivyo wote, matawi yote. Ikawa kama wimbo. Hata wateja waliuimba.

Halafu mwezi wa kwanza wa mwaka huu akaletwa Byron awe mkuu wa mafunzo. Alikuja na kompyuta, projekta, na maneno mazuri. Aliuliza kwa nini timu inatumia gari kila wiki kuzunguka matawi, na kwa nini mtu mmoja afundishwe wiki sita. Safari zikafutwa. Mwezi wa tatu wakaitwa wauzaji wote arobaini na watatu kwenye ukumbi wa hoteli Migori, siku moja, asubuhi mpaka saa tisa. Bidhaa kumi na nane. Slaidi zilikuwa za Kiingereza, mapazia yamefungwa, na chakula cha mchana kilikuwa cha kushiba.

Robi alisimama nyuma. Hakuangalia slaidi, aliangalia visogo vya watu. Ilipofika dawa ya kupe, picha ya chupa mpya ilitokea ukutani, nyeupe na utepe wa kijani, na Byron akasema, "Hii ni ya haraka. Kipimo ni kile kile. Kilichobadilika ni chupa tu. Mmeelewa?"

"Ndiyooo," ukumbi ukaitikia.

Kisha rejista ikapita mkono kwa mkono. Juu yake paliandikwa: *Nimefundishwa*. Arobaini na watatu wakatia sahihi.

"Hawajaelewa," Robi alimwambia baadaye, wakati wa kukunja nyaya.

"Umesikia wakisema ndiyo."

"Walisema ndiyo wakiangalia mlango. Hata ungewauliza kama wameelewa Kichina wangesema ndiyo."

Byron alicheka, akampiga begani kidogo. "Robi, wewe una wivu wa ufagio wako."

Alilisema kwa utani, na mtu wa kubeba viti akacheka pia. Robi alilihesabu neno hilo na kuliweka moyoni.

Sasa alitoka ofisini kwa Byron na kumkuta Helen uani.

"Nyamera, dada yangu, uso huo ni wa mazishi," Helen alisema.

"Una ufunguo wa pikapu, Mama Javan?"

"Ninao. Lakini safari zilifutwa."

"Ndiyo maana siombi ruhusa."

Walifika Ogwedhi jua likiwa kichwani. Ilikuwa siku ya soko la mifugo na vumbi lilikuwa jekundu hewani, kwato kila mahali, Wamaasai na Wajaluo na Wakuria wakipigiana kelele za bei. Duka lao peke yake lilikuwa kimya, limetiwa kufuli mpya. Gisiri alikuwa amekaa barazani, mgongo kwenye mlango, kama anayelinda kitu ambacho tayari kimeibwa.

"Mmekuja kunitazama nikifukuzwa, mwalimu?" alisema bila kuinuka.

"Nimekuja kujua ulimwambia nini yule mama."

"Nilimwambia ulivyoniambia."

"Mimi sijakufundisha kuua ng'ombe, Gisiri." Sauti ya Robi ilikuwa kali kuliko alivyotaka. Njia nzima alikuwa amejiambia kwamba Gisiri hana kosa. Sasa alipomwona, aliogopa kwamba labda analo. "Simama hapo. Niuzie. Mimi ni mteja, nina pampu moja."

"Hapa barabarani?"

"Hapa hapa."

Gisiri akasimama. Akajifuta vumbi, na ghafla akawa muuzaji, mabega yakanyooka. "Karibu mama. Ng'ombe ngapi? Haya. Pampu ijaze maji nusu kwanza. Vaa glavu. Vifuniko vinne, halafu uongeze maji mpaka kwenye mstari. Usimnyunyizie ndama machoni. Niambie sasa wewe utafanyaje."

Hakuruka hata neno moja. Huyu mtu alikuwa amevuka. Kama kuna aliyevuka katika kampuni nzima, ni huyu.

"Na wewe ulimwambia hivyo hivyo?"

"Neno kwa neno. Mpaka nikamwambia arudie, na akarudia vizuri."

"Ni kweli nilirudia," sauti ilisema nyuma yao.

Alikuwa mwanamke mnene wa makamo, mikono imefungwa kitambaa mpaka kwenye viwiko. Ndiye Bochaberi, mwenye ng'ombe. Alikuwa ameona pikapu yenye jina la kampuni ikipita sokoni na ameifuata kwa miguu.

"Nyinyi ndio wakubwa wake? Vizuri. Nimechoka kuongea na kufuli." Alitoa chupa kwenye mfuko wa shuka na kuisukuma kifuani mwa Robi. "Ng'ombe ya maziwa moja, ndama mbili. Zilianza kutoka mate saa hiyo hiyo, zikatetemeka kama mtu wa malaria. Na hii mikono yangu imewaka siku tatu, glavu na yote. Nilifuata maneno ya huyu kijana kama maneno ya daktari. Sasa pima! Pima mbele yangu, uniambie nilikosea wapi."

Robi aliishika chupa. Nyeupe, utepe wa kijani. Alikuwa ameiona mara moja tu, ukutani, ikiwa picha kubwa kama mlango. Mkononi hakuwahi kuishika, maana tangu mwezi wa kwanza hakuwa ameingia tawi lolote. Akakizungusha kifuniko, kikatoka, na akajua kabla hajapima. Kilikuwa kipana. Kile cha zamani kingelala ndani yake kama yai kwenye kiota.

"Mama Javan, lete sirinji iko kwa gari. Na maji."

Walipima pale barazani. Kifuniko kimoja, mililita ishirini na tano. Wakarudia. Ishirini na tano. Vinne, mia moja, mahali pa arobaini.

Gisiri alitazama mstari kwenye sirinji na midomo yake ikasogea bila sauti. "Kipimo ni kile kile," alisema mwishowe. "Alisema hivyo ukumbini. Kipimo ni kile kile, chupa ndiyo imebadilika."

"Alisema ukweli," Helen alijibu kwa uchungu. "Ukweli wa mtu ambaye hajawahi kupima."

Bochaberi hakupiga kelele tena, na hapo ndipo alipotisha. "Mimi sitaki pole ya mtu," alisema. "Ninataka kujua jina. Nani aliwaambia dawa inapimwa kwa kifuniko?"

Robi alifungua mdomo. Maneno yalikuwa mawili tu, *ni mimi*, na yalikwama. Alimwona Gisiri akimtupia jicho mara moja, haraka, kisha akamgeukia yule mama.

"Ni kampuni, mama," Gisiri alisema. "Ni utaratibu wa kampuni."

Bochaberi alitema mate pembeni, akachukua chupa yake na kwenda zake.

Wakashika njia ya kurudi Homa Bay. Mtu ambaye kesho angefukuzwa kazi, mwenye mke na watoto wanne, alikuwa na jina la kulitaja na hakulitaja. Na yeye, mwalimu, alikuwa na karatasi mfukoni yenye jina la mtu huyo, na bahasha inamngoja. Alimchukia Byron njia nzima mpaka Rongo, na kuanzia Rongo akajichukia mwenyewe. Wimbo ulikuwa wake. Aliutunga, akaupenda, akaona fahari watu walipouimba, na hakuwahi kujiuliza siku kifuniko kikibadilika nani atamwambia.

Asubuhi yake saa nne Haji Abdinasir alikuwa amekaa kichwani mwa meza ya Byron, kofia yake nyeupe, miwani juu ya paji la uso. Byron alikuwa kulia kwake na faili. Robi aliingia na Helen nyuma yake. Helen alibeba pampu tupu mgongoni na jagi la mistari mkononi.

"Hii ni nini tena?" Byron aliuliza. "Robi, nilitaka karatasi."

"Ninayo. Haji, kabla sijaitia sahihi, naomba uniuzie dawa ya kupe."

Haji aliteremsha miwani. "Wewe bado na michezo yako ya Isebania?"

"Mara moja tu, Haji."

Mzee alipenda duka kuliko ofisi, na hilo Robi alilijua. Alinyanyuka, akazunguka meza, akaweka viganja juu yake kama juu ya kaunta. "Karibu mama, starehe. Wataka nini?"

Robi aliweka mbele yake chupa mpya, waliyoinunua jana kwa mteja mwingine wa Ogwedhi. "Hii. Kupe wamenimalizia ng'ombe. Lakini mimi baba sijui kusoma haya maandishi."

"Huna haja ya kusoma. Una pampu ya lita ishirini? Basi. Pampu moja, vifuniko vinne. Hata mtoto mchanga ajua."

"Nisaidie kupima. Kwa maji tu."

Haji alifungua kifuniko, akapima maji mara nne ndani ya jagi, upesi upesi, mkono wa mtu aliyepima maisha yake yote. Robi aligeuza jagi ili mistari imtazame.

"Soma, Haji."

Alisoma. Alivua miwani, akaipangusa kwa shati, akaivaa, akasoma tena.

"Mia," alisema polepole. "Inatakiwa arobaini."

"Umemwulia yule mama ng'ombe wengine, Haji. Na wewe ndiye mwenye kampuni."

"Hii si haki," Byron alisema na kuinuka. "Lebo imeandikwa mililita. Slaidi yangu imeandikwa mililita. Mimi nilisema kipimo ni kile kile, na ni kile kile! Sikusema kifuniko hata siku moja. Gisiri alitia sahihi kwamba amefundishwa."

"Alitia sahihi kwamba aliambiwa," Robi alisema. Alikuwa hajapandisha sauti. "Uliwaweka watu arobaini na watatu gizani, wameshiba, ukawauliza mmeelewa. Mtu mzima atajibu nini mbele ya wenzake? Atasema hapana? Ulitaka ndiyo, wakakupa ndiyo. Halafu ile ndiyo ukaiweka kwenye faili uje uwanyongee nayo."

"Chunga mdomo."

"Nimeuchunga tangu mwezi wa kwanza. Lakini hukukosea peke yako, Byron, usijipe sifa. Kifuniko ni changu. Mimi ndiye niliyewaambia waache mililita, na sikuwahi kuwaonya kwamba kifuniko kinaweza kubadilika. Andika hilo kwenye karatasi yako. Gisiri alifanya nilivyomfundisha, hakuacha hata glavu."

Haji alikuwa amemgeukia sasa, na macho yake hayakuwa ya utani. "Kwa hiyo ni wewe. Miaka yote hii nawaambia watu nina binti Isebania, hajasoma lakini ana akili. Kumbe ni wewe umeniharibia jina."

Neno hilo lilimkata mahali alipokuwa ameshajikata mwenyewe usiku kucha. "Ni mimi, Haji. Na ni wewe."

"Mimi?"

"Ni nani alitia sahihi safari zetu zifutwe? Chupa hii ilifika madukani mwezi wa pili. Ningeingia tawi moja tu, siku moja, ningeishika mkononi. Mlinikalisha hapa napanga slaidi. Mwalimu mnamfungia ofisini, halafu mnashangaa hajui dukani kuna nini."

Helen alitua pampu sakafuni na mlio wake ukajaza chumba. Byron alikuwa ameanza kukusanya karatasi zake, akizipanga pembe kwa pembe.

"Chupa ngapi ziko nje?" Haji aliuliza mwishowe.

"Mia mbili na kitu," Helen alijibu. "Na leo ni soko Ntimaru, Haji. Wanauza sasa hivi tukiongea, na bila neno lako hakuna atakayeacha."

"Basi tuma ujumbe kwa kundi la simu," Byron alisema. "Wajibu wote kwamba wameuona."

Robi alimgeukia, na kwa mara ya kwanza sauti yake ikapasuka. "Waujibu! Wakuwekee kidole gumba, si ndiyo? Arobaini na watatu tena!"

Haji aliinua mkono. "Wewe unataka nini, Robi?"

"Kwanza, kufuli ya Ogwedhi itoke. Gisiri arudi kaunta leo, si kesho. Jana alipima kifuniko kipya kwa mkono wake, na hapa hakuna mwingine aliyefanya hivyo isipokuwa Mama Javan, mimi, na sasa wewe. Mimi na Gisiri tutapigia matawi, muuzaji mmoja mmoja. Pili, gari."

"Na yule mama wa Ogwedhi? Byron ataenda, tutamtengenezea mambo yake."

"Ng'ombe mlipeni nyinyi. Kwenda nitaenda mimi. Aliuliza jina, na jana nilimnyima."

Haji aliteremsha mkono. Hakumsamehe, Robi aliona hivyo wazi, na labda hatamsamehe. Lakini alikuwa mtu wa duka, na duka lilikuwa linauza sumu. Alichukua simu yake, akapiga Ogwedhi, akasema maneno machache: "Mfungulieni Gisiri. Ndiyo, sasa. Mwambieni Robi anampigia."

Bahasha ya kaki ilikuwa bado pale ilipoachwa jana, kwenye kona ya meza. Byron aliitia ndani ya faili lake bila kumtazama mtu, akatoka. Robi hakuikodolea macho. Alitoa mfukoni ile karatasi isiyo na sahihi, akaigeuza upande mweupe, akachora mstari katikati. Upande mmoja akaandika *Ameambiwa*, upande wa pili *Ameweza*. Jina la kwanza chini ya *Ameweza* lilikuwa la Gisiri.

Kisha akapiga Ntimaru. Levis, muuzaji wa huko, alipokea huku nyuma yake ng'ombe wakilia na watu wakibishana. Robi alimweleza: auze kwa sirinji tu, mililita arobaini kwa pampu, kifuniko kisitajwe tena, na aliyeuziwa asubuhi atafutwe kabla hajafika nyumbani.

"Nimeelewa, madam," Levis alisema haraka. "Hiyo iko sawa, usijali."

"Sijakuuliza kama umeelewa, Levis," Robi alisema, na akavuta kiti akakaa, kwa sababu alijua hii itachukua mchana mzima. "Mimi ni mteja. Nina pampu moja. Niuzie."